Mpaka Kidole Kiinuke

"Mstari mmoja tu wa programu," Mama Ngailo alisema, akitua kikombe chake cha chai juu ya meza ya Gaudensia bila kuomba nafasi, kama ilivyokuwa kawaida yake. "Jumatatu alfajiri uwe umeshaingia kwenye nyumba zote. Mbofyo usiotoka kwenye kidole cha mtu usihesabiwe."

"Sawa, mama," Gaudensia aliitikia kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Na nyumba itakayokutwa na programu ya kubofya haitapewa asubuhi tatu. Itapewa moja. Ikipita saa moja kamili bila kidole, gari linakwenda." Mama Ngailo alishusha pumzi. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyekosa usingizi. "Siku tisa, Gaude. Mzee wa watu amelala amekufa siku tisa, na ukurasa wake kila asubuhi unasema NIPO. Mwanawe aliweka programu akaenda zake kutafuta maisha."

Habari hiyo ilitoka mji wa mbali, lakini katika nyanda zote za juu hakukuwa na aliyeongea lingine wiki hiyo. Kila mzee aliyeishi peke yake alikuwa na ukurasa wa nyumba kwenye ukuta wa jikoni, na katikati ya ukurasa kitufe cha kijani, kipana kama sahani ya chai, kilichoandikwa NIPO. Kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi alitakiwa akibofye. Waliobuni mpango huo walikuwa watu wa hukuhuku, watu wasioweza kupita mlango wa jirani bila kuuliza ameamkaje, kwa hiyo wakaziunganisha nyumba mbilimbili. Ukigusa kitufe kwako, taa ndogo ya njano inawaka ukutani kwa mwenzako, na inakaa ikiwaka mpaka uinue kidole. Naye akigusa chake, inawaka kwako. Ilikuwa kusalimia na kuitikiwa. Asiyebofya asubuhi tatu mfululizo alifuatwa na gari jeupe la Hifadhi, idara ya kuwatunza wazee, na kupelekwa Makao, kwenye kitanda safi, wauguzi wapole na dirisha lisilofunguka.

Bibi Sigrida, aliyemlea Gaudensia tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, alikuwa amesema mara nyingi kwamba akipelekwa huko watamrudisha kwenye sanduku. Naye alipoanza kusahau kubofya, akakosa asubuhi mbili mfululizo, Gaudensia alifanya kile ambacho fundi wa kurasa anaweza kukifanya akiwa amefumba macho.

Kazi yenyewe ni rahisi mno, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kurasa hizo ziliandikwa kwa JavaScript, lugha kongwe ambayo watu waliitabiria kifo tangu enzi za bibi zao, nayo ikawazika watabiri wote. Kitufe chenyewe hakina akili. Unakipa msikilizaji, kipande cha programu kinachokaa kimya kikingoja tukio. Kidole kikishuka, hilo ni tukio la kwanza. Kikiinuka, la pili. Na ni pale tu kinapoinuka ndipo mbofyo wenyewe unapozaliwa. Msikilizaji anaamka, anaandika saa na kupeleka habari ofisini. Lakini fundi anaweza kuuchochea mbofyo pasipo kidole. Anaandika kitufe.click(), anaweka saa ya kuamsha, basi. Msikilizaji anaamka vilevile, anaandika vilevile, na taa ya jirani inapepesa mara moja. Tofauti ni alama moja ambayo kivinjari hubandika juu ya kila tukio, iitwayo isTrusted. Inasema kweli kama tukio limetoka mkononi mwa mtu, na si kweli kama limetoka kwenye programu. Fundi hawezi kuighushi. Kilichokosekana miaka yote hiyo ni mtu wa kuitazama.

Sasa Gaudensia ndiye aliyeajiriwa kuitazama.

Alasiri alifanya jaribio la kimyakimya. Nyumba elfu nne mia moja na kumi na mbili. Alitegemea kuona nyumba moja ikiwaka nyekundu, ile namba mia tatu na kumi na nane, ya bibi yake. Zikawaka sitini na moja. Akakaa akizitazama. Watu sitini wengine, watoto na wajukuu wa watu, walikuwa wameandika mstari uleule na kwenda kazini wakiwa wamepoa mioyo. Orodha ilikuwa kwenye mashine yake peke yake mpaka Jumatatu, na kuifuta namba moja kungechukua muda wa kupiga chafya.

Hakuifuta. Ila hakuamua pia kuiacha. Alifunga mashine akaenda nyumbani na namba yake.

*

Jumamosi alikwenda kijijini. Bibi Sigrida alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, amejifunika blanketi mbili, anafuma sweta. Mkono wa kushoto wa sweta hilo ulikuwa umeanza vizuri, ukapita kiwiko, ukapita kifundo, ukateremka sakafuni na kujiviringa kando ya kigoda. Alikuwa amesahau kuufunga na hakuona sababu ya kuacha.

"Mke mwenzangu!" bibi alipaza sauti. "Umekonda. Hao wa mjini wanakulisha karatasi?"

"Shikamoo, bibi. Hilo sweta la nani?"

"La kwako. Vaa tuone."

Gaudensia akalivaa hivyohivyo, na sindano zake. Mkono mmoja ulimkaa sawasawa, mwingine ukaburuzika kama anafuga nyoka. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Gaudensia naye akacheka, akamkumbatia na ile mita moja ya uzi ikawa katikati yao. Alikuwa anampenda huyu mwanamke kuliko alivyowahi kujua namna ya kumwambia.

Alihesabu. Siku hamsini na tatu tangu aweke programu. Kabla ya hapo alikuwa akipiga simu kila asubuhi na kuja kila Jumamosi, kwa sababu ya hofu. Tangu programu ianze kusema NIPO, hii ilikuwa mara ya pili anakuja.

Akamweleza bibi yote, polepole, akiwa bado na sweta mwilini. Bibi aliacha kucheka akamsikiliza.

"Kwa hiyo hiyo mashine imekuwa ikisema mimi nipo?"

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kazini."

Bibi Sigrida alitikisa kichwa taratibu, bila hasira, na hilo likamuuma Gaudensia kuliko ambavyo kofi lingemuuma. "Iondoe. Nina mdomo na nina kidole. Nitasema mwenyewe."

Dakika kumi baadaye alimtazama mjukuu wake akashangaa. "Unalilia nini tena, mke mwenzangu? Nani kakufanyia nini?"

Hodi ilipigwa mlangoni. Alikuwa Mzee Kastori Mlowe, jirani wa ng'ambo ya bonde, ambaye nyumba yake iliunganishwa na ya bibi. Miaka thelathini na nane alikuwa mtoa ishara wa reli, na kofia ya reli bado ilikuwa kichwani, imechakaa mpaka haijulikani ilianza na rangi gani. Mkononi alishika kidumu cha maziwa.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene," bibi akaitikia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliketi wima. Salamu hiyo ya kwao hakuwahi kuisahau.

Baada ya chai, Kastori alimwita Gaudensia uani kwa kisingizio cha kumwonyesha bomba linalovuja. Hakukuwa na bomba linalovuja.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemfundisha Sigrida kuwahi."

Kastori aliashiria ukuta wa jikoni kwa kidevu.

"Nimesoma taa maisha yangu yote, mama. Taa ikikaa ni neno jingine, ikipepesa ni neno jingine. Ukichanganya, treni mbili zinabusiana. Huyu bibi yako miaka sita ananisalimia. Anashika kitufe, haachii mpaka nimwitikie. Taa inawaka, inawaka, mimi huku natafuta mguu wa suruali. Halafu siku moja inapepesa, pwi, saa kumi na mbili na robo. Kesho yake, pwi, saa kumi na mbili na robo. Sigrida hajawahi kuwahi kitu chochote tangu abatizwe."

"Mbona hukusema, babu?"

"Nimwambie nani? Gari jeupe?" Kastori alivuta kofia. "Nikaanza kununua maziwa. Maziwa yenyewe siyanywi, yananijaza tumbo. Lakini njia ya kwa muuza maziwa inapita hapa. Nikiona moshi jikoni, basi, naendelea. Nina paka ambaye sasa hawezi kupita chini ya kitanda."

Siku hamsini na tatu mzee huyu, mwenye goti moja zima, alikuwa amelivuka bonde kila asubuhi kufanya kwa miguu kile ambacho mjukuu alidhani amekimaliza kwa mstari mmoja. Gaudensia aliona aibu, akaisema. "Nimeona aibu, babu. Nilipata amani nikaacha kuja."

"Si umekuja?" Kastori alisema. "Sasa tufikirie Jumatatu."

Wakafikiria. Gaudensia hangeweza kuwepo; mabadiliko yalitakiwa kuingia alfajiri, na kutoka kijijini hadi ofisini ni saa mbili za barabara mbaya. Basi Kastori atakuja mwenyewe saa kumi na mbili na nusu, atamwongoza Sigrida hadi ukutani na kumkumbusha. Kidole kitakuwa cha Sigrida, hakuna sheria iliyovunjwa. Ulikuwa mpango mzuri. Kabla ya kuondoka Gaudensia aliifuta programu yake, na alipoifuta alihisi kama amemwachia mtoto mkono barabarani.

*

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri aliweka kikombe cha chai juu ya meza ya Mama Ngailo.

"Mstari umeingia. Na hii ni orodha ya nyumba sitini na moja. Namba mia tatu na kumi na nane ni ya bibi yangu. Niliiandika mimi."

Mama Ngailo aliisoma orodha yote kabla ya kuinua macho. "Ungeweza kuitoa."

"Ningeweza."

"Hilo tutaliongea. Kukaa hapa hutakaa, pengine." Akavuta kiti akaketi karibu naye. "Sasa hivi gawa orodha, kila mtu apige simu kwa ndugu. Na wewe tazama skrini. Saa moja ni saa moja, Gaude. Hata kwa bibi yako."

Saa kumi na mbili ilipogonga, nyumba zilianza kubadilika kijani, moja moja halafu makundi makundi, wazee wa mkoa mzima wakisema wameamka. Kati ya zile sitini na moja, kumi zilijibu mapema, kisha ishirini. Huko na huko mtu alikuwa amefukuzwa kitandani na simu, akakimbilia kwa mama yake na koti juu ya nguo za kulalia. Namba mia tatu na kumi na nane ilikaa nyekundu.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne, mstari ukatokea chini ya namba hiyo. Kidole kimeshuka. Alama: kweli.

"Huyo!" Gaudensia alisimama. Akangoja mstari wa pili.

Haukuja. Dakika moja. Mbili. Tano. Kidole kilikuwa kimeshuka na hakijainuka, na mbofyo hauzaliwi mpaka kidole kiinuke. Nyumba ilikuwa bado nyekundu. Simu yake ikaita.

"Mama," ilikuwa sauti ya Kastori, "mambo yamekuwa magumu. Amekishika. Haachii."

"Mwambie aachie, babu!"

"Nimemwambia kwa Kiswahili na kwa Kibena. Anasema bado hajaitikiwa."

Nyuma ya sauti yake Gaudensia alimsikia bibi, ameudhika: "Unanipigia kelele za nini? Namsalimia mtu!"

"Unamsalimia mimi, Sigrida! Mimi ndiye Kastori! Nimesimama hapa!"

"Wewe nakuona. Sijasema sikuoni. Namngoja Kastori aitikie kwa taa."

Gaudensia aliketi. Miaka sita bibi ameshika kitufe mpaka taa ya njano iwake, akajua mwenzake naye ameamka, ndipo anaachia. Kastori mwenyewe alilieleza jambo hilo uani, neno kwa neno, na wote wawili, fundi wa kurasa na mtoa ishara wa reli, hawakuona. Taa ile haiwezi kuwaka, kwa sababu wa kuiwasha amesimama jikoni kwa bibi na kofia mkononi. Huko ng'ambo, kwenye nyumba yake isiyo na mtu, taa ya salamu ilikuwa inawaka bila kukoma.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja.

Mikono yake ilikuwa tayari juu ya vibonye vya mashine. Ufunguo wa ukurasa wa nyumba ya Kastori anao, kama wa nyumba zote. Mstari mmoja wa kuchochea kitufe chake, mwingine wa kuupitisha mbele ya ukaguzi aliouweka mwenyewe asubuhi hiyo. Taa ya bibi ingepepesa, bibi angetosheka, kidole kingeinuka, na kidole hicho ni cha bibi kweli. Nani angeumia? Mama Ngailo alikuwa amegeukia simu nyingine.

Lakini bibi alikuwa anaiuliza taa swali. Alikuwa anauliza kama mwenzake ameamka, na amesimama kungoja jibu kwa miguu ile inayovimba. Kumjibu kwa mstari kungekuwa kumfanyia upande huu kile alichomfanyia Kastori siku hamsini na tatu upande ule. Gaudensia aliondoa mikono, akaikalia.

"Babu," alisema, "uko mbali kiasi gani na kitufe chako?"

"Dakika kumi kwa mwenye magoti."

"Na wewe?"

"Tutajua," Kastori alisema, na simu ikabaki wazi mfukoni mwake.

Gaudensia aliwasikia. Alimsikia Kastori akisema, "Sigrida, usiachie, nakwenda kumwamsha huyo mvivu," na bibi akijibu, "Mwambie maji yanachemka." Kisha mlango. Kisha mawe, pumzi, nyasi zenye umande zikisugua suruali. Alisikia maji ya kijito na tusi la Kibena ambalo hakulitegemea kwa mzee wa kanisa. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na tisa. Hamsini na moja. Mama Ngailo alikuwa amekata simu yake na kusimama nyuma ya kiti, ameweka mkono begani kwa Gaudensia. Kwenye orodha zilibaki nyumba tatu nyekundu, halafu mbili, halafu moja.

Hamsini na tano. Pumzi za Kastori zilikuwa zinapiga filimbi. "Kilima hiki," alisema, si kwa mtu yeyote, "nani alikileta hapa?"

"Pole pole, babu. Usianguke."

"Nikianguka nitabingirika. Ni haraka zaidi."

Hamsini na saba. Bawaba ya mlango ikalia. Kitu kikaangushwa, pengine kiti, pengine paka.

Kwenye skrini, chini ya nyumba ya Kastori, mstari ukatokea. Kidole kimeshuka. Alama: kweli. Kastori hakukiinua. Alikishikilia, anahema, na Gaudensia aliiona kwa moyo ile taa ndogo ya njano ikiwaka jikoni kwa bibi, ikiwaka na kukaa.

Sekunde moja. Mbili. Tatu. Nne.

Chini ya namba mia tatu na kumi na nane mstari wa pili ukaandikwa. Kidole kimeinuka. Na papo hapo wa tatu: mbofyo, saa kumi na mbili na dakika hamsini na nane, kweli. Nyumba ikageuka kijani.

Gaudensia alilia waziwazi, mbele ya ofisi nzima, na hakujifuta. Kwenye simu, Kastori alikuwa bado anatafuta pumzi. "Ameniitikia?" aliuliza.

"Wewe ndiye uliyemwitikia, babu."

"Basi niletewe chai. Maziwa sitaki."

Mama Ngailo aliinama karibu na skrini, akakunja uso. Kazi yake ilikuwa kutilia shaka kila kisicho cha kawaida, na hiki hakikuwa cha kawaida. "Dakika ishirini na nne," alisema. "Mtu mmoja ameshika kitufe dakika ishirini na nne. Lazima niandike sababu. Alikuwa anafanya nini muda wote huo?"

Gaudensia alishachukua begi lake na alikuwa anavaa sweta, lile lenye mkono mmoja mrefu, akiukunja na kuukunja mpaka vidole vikaonekana. Barabara ilikuwa saa mbili, na safari hii si hofu iliyomsukuma.

"Andika alikuwa anasalimia," alisema. "Alikuwa hajaitikiwa."